Mlango Barabarani

Agosti, upepo wa Dodoma hauna adabu:
unafunua kitambaa juu ya zabibu zangu,
unanitia mchanga mdomoni kabla sijataja bei.
Nakaa karibu na Sabasaba, pale zebra ilipofutika
ikabaki mistari mitatu, mbavu za punda wa kiangazi.
Najua nimekalia njia ya waenda kwa miguu:
mabeseni mawili, ndoo, kigoda,
na mimi mwenyewe si mwembamba.
Wanaonipisha hushukia kwenye lami.

Ndipo akaja Ndahani kutoka kwa maseremala
na mlango nyuma ya baiskeli,
mlango mzima wa mninga, bawaba zikining'inia,
umelala kwa upana kama ng'ombe aliyegoma.
Kushoto ulikwangua mabega ya watu,
kulia ulipima rangi za magari.
Hakupanda, alisukuma. Kengele yake
imepoteza kifuniko, inasema tk, tk,
hapa ambapo hata jeneza hupigiwa honi.

Mwalimu Chiloleti alikuwa anavuka.
Bawaba ikamgonga goti, akapiga yowe.
Ndahani kugeuka, na mlango ukageuka naye,
ukachora mstari ubavuni mwa gari jeupe
lililokuwa linawahi kikao Mtumba.

Kimya kidogo. Kisha mji ukafungua kinywa.

"Wewe na kitanda chako!"
"Si kitanda. Ni mlango."
"Barabara si ghala la mbao!"
"Na zebra si pambo," mwalimu akamgeukia dereva,
"mbona hukusimama?"
"Zebra gani? Nionyeshe zebra!"
Wakainama wote watatu kuitafuta,
kama watu waliodondosha shilingi.
Bodaboda akapenya katikati yao,
akatoa hukumu bila kuzima pikipiki,
"Wote mna makosa,"
akaondoka kwa upande usio wake.

Dereva alisema rangi, laki mbili.
Ndahani alisema nyumba yake kule Ntyuka
ina miezi saba imefungwa kwa khanga,
mbuzi wa jirani huingia kama mashemeji.
Mwalimu alisema goti. Goti tu, goti,
kama aliyekumbuka goti jingine, dogo zaidi.
Mwanawe alivuka hapa mwezi wa tatu.
Hilo niliambiwa baadaye.

Mpira wa kufungia ukakatika.
Mlango ukateleza, ukasimama wima juu ya lami,
umeegemea baiskeli, mzima, bila nyumba:
magari upande huu, watu upande ule.
Mtoto mmoja wa shule akaugonga kwa vidole.
"Hodi!"
Hakuna aliyeitikia.
Hakuna aliyejua nani hapa ni mwenyeji.

Dereva akatazama saa, akasema tutaonana,
wala hakuuliza jina la mtu.
Nikaziacha zabibu na upepo wao,
nikashika pembe moja ya ule mninga,
Ndahani pembe nyingine, baiskeli kiunoni mwake.
Tukavuka. Hawakutupisha;
walitusubiri tu, na hayo si mamoja.

Niliporudi, vichala viwili vilikuwa vimepondwa.
Juu ya kimoja, alama ya tairi jembamba.
Juu ya kingine, soli ya kiatu.

Usiku nilimwaza Ndahani akipigilia bawaba
kwa mwanga wa simu, mkewe akimshikia misumari
na kumwambia inua, shusha, inua kidogo.
Kisha anasukuma komeo.
Barabara inabaki nje.

Asubuhi mwalimu akapita, akichechemea.
"Mbukwa."
"Mbukwa, mwalimu."
Akayatazama mabeseni, akaitazama lami,
akasimama pale kama anayesubiri kitu.
"Mama Nyemo," akasema, "na wewe umeziba."
Nikasogeza beseni. Shibiri moja.
Ningeweza mbili.